Tulivyomtoa Bi Saumu Mtaroni

Mjukuu wangu juzi kanicheka. Nilimwambia kuna vijana wanaoanza kazi za kufungasha bidhaa, wameniomba niwaandikie niliyoyaona, akaniuliza, "Bibi, kwani kutia visheti kwenye pakiti nako ni kazi ya kuandikia watu?"

Nikamwambia aende dukani alete pakiti yoyote ile. Akaleta ya karanga. Nikaiminya, nikaitikisa sikioni, nikamwambia, "Hizi zimefungwa zikiwa na joto, na aliyezifunga alikuwa na haraka. Kona ya chini imeachia." Akaifungua. Karanga zimelegea kama maharage ya jana. Tangu hapo hajanicheka tena.

Basi nyie vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba. Mie naitwa Kidawa, mzaliwa wa Temeke, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye chumba cha kufungashia cha kiwanda kimoja cha visheti kule Kiwalani. Sitawasimulia yote, maana mengine ni kukaa tu na kufunga, kukaa na kufunga. Nitawapa habari ya mwaka tuliotupa pakiti zetu za nailoni. Sijawahi kucheka kazini kama mwaka ule, na wala sijawahi kuogopa kama mwaka ule.

Kiwanda kilikuwa karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu ya bati tulikuwa tunanyamaza wote, midomo wazi, ikishapita tunaendelea pale pale neno lilipokatikia. Mgeni akija alikuwa anadhani tuna kichaa. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Shomari, mtu mpole, mrefu, anayevaa kofia yake ya kiua hata kwenye joto la makarai. Lakini visheti vyenyewe havikuwa vyake. Vilikuwa vya mkewe, Bi Saumu. Yeye ndiye aliyeanza na karai moja uani kwao Temeke, akawauzia majirani, majirani wakawaambia wengine, mpaka ua ukawa mdogo wakahamia Kiwalani. Kwenye kila pakiti ya nailoni kulikuwa na picha yake ya usichana, kajitanda khanga, anacheka meno yote nje. Watoto wa mjini walikuwa hawaombi visheti kwa jina. Wanasema, "Nipe vya yule dada anayecheka."

Bi Saumu ndiye aliyenifundisha kufunga. Siku yangu ya kwanza nilifunga haraka haraka ili nionekane hodari. Akaja, akachukua pakiti yangu, akaiangusha sakafuni kutoka kiunoni kwake. Ikapasuka. Akachukua ya kwake, akaiangusha. Puu, haikufanya kitu. Akaniambia, "Kidawa, usimfungie anayenunua hapa getini. Mfungie yule wa mwisho kabisa, aliyeko mbali, ambaye pakiti imemfikia imeshatupwa kwenye keria za mabasi na kukaliwa na mizigo. Huyo ndiye wa kumfikiria." Nililishika neno hilo miaka yote. Ila sie sote, na yeye mwenyewe akiwemo, hatukuwahi kujiuliza huyo mtu wa mwisho akishamaliza kula anaitupa wapi pakiti.

Na kulikuwa na Fundi Kapinga. Kapinga alitoka kusini, Mbinga huko, na alikuja na lafudhi yake na hakuiacha. Alikuwa fundi wa mashine ya kubania nailoni, ile inayobana kwa moto mdomo wa pakiti. Aliipenda kuliko kawaida. Kila asubuhi alikuwa anaipangusa kwa kitambaa cheupe, na akaipa jina: Bibi Harusi. Ukipita karibu na mashine na mikono yenye mafuta, Kapinga anakuambia, "Dada, usinichafulie Bibi Harusi." Tulimzoea hivyo. Mkewe halisi alikuja siku moja kiwandani, akaoneshwa mashine, akasema, "Kumbe mke mwenzangu ndiye huyu? Mbona mbaya?" Kapinga alinuna mpaka jioni.

Sasa nikupelekeni kwenye masika.

Wakati huo mifuko ya nailoni ya kubebea ilikuwa imeshapigwa marufuku nchi nzima, na sie pale kiwandani tulijiona tumepona, maana pakiti za vyakula vya viwandani hazikuguswa. Tukaendelea kama kawaida. Mvua zikaja. Nyie mnaokaa Dar mnajua mvua za masika Kiwalani zinavyokuwa: nyumba zimebanana, mitaro myembamba, na maji yana mahali pamoja tu pa kutokea. Nyuma ya kiwanda chetu ulipita mtaro mkubwa. Usiku ule ulifurika. Maji yaliingia kwenye nyumba za watu, mimi nililala Temeke kwangu sikujua lolote.

Asubuhi nilipofika sikuweza kuingia. Getini kulikuwa na mlima. Pakiti za nailoni, zimejaa matope, zimerundikwa mpaka usawa wa kifua cha mtu, zinanuka. Mbele ya mlima kasimama Mama Chausiku. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, anakaanga maandazi na kuuza chai kwa wafanyakazi wetu. Kila siku tunataniana naye. Siku hiyo hakuwa na utani. Khanga yake imelowa mpaka magotini, nyuma yake wamesimama majirani na majembe na reki.

"Dada Kidawa," akaniambia, "niitie bosi wako."

Mzee Shomari akatoka. Mama Chausiku akaokota pakiti moja, akaikung'uta matope, akamnyooshea.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, usiku godoro langu limeelea. Unga wangu wa maandazi wote umekuwa uji. Tumeshuka mtaroni alfajiri kuuzibua na hiki ndicho tulichokitoa. Sikatai, kuna chupa za watu wengine na takataka za watu wengine. Lakini humu kila ukipiga reki anatoka binti yenu. Huyu binti anacheka nini mtaroni, Mzee? Sisi tunalia, yeye anacheka!"

Nyie, kuna maneno mtu akiyasema hata anayelaumiwa anataka kucheka, halafu anaona aibu. Hakuna aliyecheka. Ndege ikapita, tukanyamaza wote. Ikaisha. Mama Chausiku bado kainyoosha ile pakiti.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, akasema kwa upole lakini kwa nguvu kwamba wananchi wamekubaliana: watavumilia mpaka masika yajayo. Masika yajayo mtaro ukiziba tena kwa pakiti hizi, wao wenyewe watakwenda ngazi za juu kuomba kiwanda kihamishwe. Hapo ndipo nilipoogopa. Kuhamishwa kwenda wapi? Mie ndiye niliyekuwa msimamizi wa wafungaji, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wanakuja kazini kwa miguu na kurudi mchana kunyonyesha. Kiwanda kikienda mbali, wao hawana kazi. Na wengine wao walikuwa wamesimama upande wa pili wa mlima, na reki mkononi, maana nyumba zilizoingia maji zilikuwa zao.

Hapo hapo Bi Saumu akafika. Alikuwa ameshastaafu, miguu inamsumbua, anakuja mara chache kuonja. Akashuka kwenye bajaji, akaja polepole na bakora yake, akautazama mlima. Akauzunguka. Akaokota pakiti, akaitazama sura yake ya usichana ina tope kwenye meno.

"Mume wangu," akasema, "kumbe miaka yote hii mie nalala mtaroni, na wewe unalala kitandani?"

Hapo ndipo watu walipocheka, Mama Chausiku akiwa wa kwanza, anacheka na machozi yanamtoka. Mzee Shomari alivua kofia, akajifuta uso. Akawaambia majirani, "Nimesikia. Nipeni mpaka masika." Na Bi Saumu akaongeza neno lake mwenyewe, mbele ya watu: "Na kuanzia leo sura yangu isichapishwe popote mpaka mtaro huu upitishe maji. Nimeshacheka vya kutosha."

Ndivyo ilivyoanza. Sasa sikilizeni upumbavu wetu, maana humo ndimo mna elimu.

Tulianza na magazeti. Ilionekana rahisi, wauza vitumbua mjini wote walikuwa wanafungia magazeti na karatasi za mitihani ya watoto. Tukafunga kidogo tujaribu. Bi Saumu alipofungua ya kwake, kisheti kina maandishi. Wino umehamia kwenye sukari, unasoma kabisa matokeo ya mpira. Akasema, "Hapa mtu anakula visheti au anakula timu?" Magazeti yakaishia hapo. Na nyie msijaribu, ule wino si chakula.

Tukaja kwenye majani ya mgomba. Yalipendeza, nawaambia! Kijani, yananukia, wafungaji wanaimba kama tuko harusini. Baada ya siku chache yakakauka, yakapasuka, visheti vikatoka vinachungulia. Mzee Shomari akaweka mkono kichwani.

Tukaamua karatasi ya kaki, ile ya bahasha. Nilikunja mifano mingi mezani kwangu, Kapinga kakaa kando kakunja mikono kifuani. Hakuwa anatusaidia. Hasira zake nilizielewa: karatasi haibanwi kwa moto, kwa hiyo Bibi Harusi hana kazi, na fundi wa Bibi Harusi naye hana kazi. Aliniambia, "Dada Kidawa, nyie kunjeni. Mie nitakuwa mlinzi." Nikamwambia, "Kwa ufupi huo mwizi atakuruka." Hakucheka.

Mzigo wa kwanza wa kaki tuliupeleka soko la Tandika. Tuliupeleka kwa shangwe. Ukarudi kwa aibu. Muuzaji mmoja alinimiminia visheti mkononi, vimelegea kama chapati ya moto, na karatasi imeingia mafuta mpaka inaonesha upande wa pili. Akaniambia, "Sista, hivi si visheti, hivi ni maandazi yaliyokata tamaa." Nilirudi Kiwalani nimebeba maboksi na maneno hayo kichwani.

Tukalaumu karatasi. Tukatafuta nzito zaidi, tukapaka nta, ikanuka mishumaa, mtoto wa mfanyakazi akauliza kama kuna msiba. Tulilaumu karatasi wiki baada ya wiki. Kumbe mwenye kosa hakuwa karatasi.

Tulikuja kujua siku umeme ulipokatika. Sinia za visheti zilikuwa zimetoka jikoni, zinasubiri kufungwa, na chumba changu cha kufungashia kilikuwa giza tororo, hakina dirisha la maana. Tukavimwaga kwenye chekeche kubwa za waya tukatoka nje kupunga upepo, tukakaa na Mama Chausiku tunakunywa chai yake. Alikuwa ameanza kutusamehe, lakini kwa masharti: kila mfano tuliotengeneza lazima auonje yeye. Umeme ulichelewa. Uliporudi tukafunga visheti vile vilivyopoa kabisa kwenye kaki ya kawaida, ile ile ya Tandika, tukavisahau kwenye rafu.

Baadaye Mama Chausiku akaja kuonja, akachukua pakiti ya rafuni bila kuniuliza. Nikasikia kruu! Nikageuka. "Hivi ni vya leo?" akauliza. Nikamwambia ni vya siku ile ya umeme. Akatafuna kingine, kruu. Tukatazamana. Mie nilipiga kelele mpaka Kapinga akaja mbio na spana akidhani nimeumia.

Mnaelewa kilichotokea? Sie tulikuwa tunafunga visheti vikiwa na uvuguvugu, mafuta hayajachuruzika, kwa sababu nailoni ilikuwa inavumilia. Ule uvuguvugu unatoa mvuke, mvuke unalowesha sukari, sukari inatoa jasho, kisheti kinalegea. Nailoni ilikuwa inatufichia uzembe wetu wa jikoni. Karatasi haikufichi. Siku hiyo tulianza upya: visheti vinakaa kwenye chekeche mpaka ukivigusa kwa mgongo wa mkono huhisi kitu, mafuta yanadondokea chini yanakusanywa, ndipo vinakuja mezani. Mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja cha mfanyakazi kimeshazoea moto, kinakudanganya.

Baada ya hapo ikaja gundi. Tulipika gundi ya unga wa muhogo, safi, mtu hata akiilamba haimdhuru. Tatizo ni kwamba si mtu peke yake aliyejua hilo. Mende wa Kiwalani wote walipata habari. Asubuhi tunafungua stoo, pakiti ziko wima, nzuri, ukiinua moja kitako kinabaki chini. Wamekula gundi yote, visheti hawajagusa! Kapinga, ambaye bado alikuwa amenuna, alisimama mlangoni akasema, "Hata mende wamevikataa." Hapo nilimtupia kifuniko cha sufuria. Kilimpata begani, na wallahi ndipo aliponicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na mimi nikacheka, na baridi iliyokuwa baina yetu ikaisha siku hiyo hiyo.

Bi Saumu ndiye aliyetibu mende. Alisema mama yake alikuwa anaweka karafuu kwenye sanduku la nguo na hakuna mdudu aliyesogea. Tukatia mafuta ya karafuu kidogo kwenye gundi inapopoa. Mende wakahama. Na kitu kingine kikatokea hatukukitegemea: mteja akifungua pakiti, inamjia harufu ya karafuu kwanza, halafu ya iliki ya visheti. Wauzaji wa Tandika wakaanza kuagiza wenyewe. Yule wa maandazi yaliyokata tamaa aliniambia, "Sista, sasa yamepata matumaini."

Ila gundi ilikuwa inachelewa kukauka. Unakunja, unapaka, unangoja. Meza nzima imejaa pakiti zinazongoja, hakuna pa kuweka mkono. Tulikuwa tunafunga kidogo kuliko zamani, na masika yanakuja. Mzee Shomari alianza kutembea chumbani mikono nyuma, hiyo ilikuwa dalili mbaya kwake.

Jumatatu moja nikamkuta Kapinga amemvua nguo Bibi Harusi. Vyuma viko chini vyote, yeye kapiga magoti.

"Kapinga, unafanya nini?"

"Nyamaza, Dada. Nampunguza moto."

Alikuwa amekaa siku kadhaa anaitazama gundi inavyokauka, hakumwambia mtu. Ile sehemu ya mashine iliyokuwa inayeyusha nailoni aliishusha moto, akaifunga kitambaa cha pamba, akaipanua. Sasa ikawa kama pasi: unaingiza kitako cha pakiti kilichopakwa gundi, inakandamiza, inatoka kikavu. Jaribio la kwanza liliunguza. La pili likashikana na kitambaa. Halafu ikatoka moja nzuri, imenyooka, nikaiangusha sakafuni kutoka kiunoni kama nilivyofundishwa. Puu. Haikufanya kitu. Kapinga alisimama katikati ya chumba na grisi mpaka masikioni, akatangaza, "Bibi Harusi kaolewa upya!" Wanawake wangu wakapiga vigelegele, mmoja akamtandikia khanga apite juu yake. Mkewe aliposikia akatuletea pilau, akasema anakubali kuwa na mke mwenza anayefanya kazi.

Kazi kubwa ya mwisho haikuwa ya mashine, ilikuwa ya midomo. Kwa maduka makubwa tulitaka visheti viende kwenye madebe ya bati yenye mifuniko, mwenye duka anauza anawafungia wateja kwenye pakiti za kaki tunazompa, debe likiisha linarudi kwetu linaoshwa. Wenye maduka walitucheka. "Mambo ya bibi zetu haya," wakasema. Mzee Shomari mpole akawa anarudi na madebe yake. Tukamtuma Mama Chausiku. Sikiliza, yule mama alikuwa anaingia dukani, anasalimia, anaomba kiti, anakaa. Halafu anasimulia godoro lake lilivyoelea. Anasimulia taratibu, na mto ulivyolifuata, na paka alivyokaa juu ya mto. Wateja wanajaa kusikiliza. Mwisho anamgeukia mwenye duka, "Sasa mwanangu, debe nikuwekee wapi?" Sijasikia aliyekataa. Mzee Shomari alimwajiri moja kwa moja kuwa msimamizi wa madebe, na maandazi akamwachia mdogo wake.

Jumamosi moja kabla ya mvua tulishuka mtaroni sote, kiwanda na mtaa, tukauzibua mpaka sakafu yake ikaonekana. Wengine walikuwa hawajawahi kujua kama una sakafu.

Halafu tukangoja. Jamani, kungoja mvua ukiwa unaiogopa! Wingu likijikusanya, wafungaji wote wanatazama mlangoni. Ilikuja mchana, kubwa, ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Mie nilivumilia kidogo, nikashindwa. Nikajifunika gunia nikatoka nyuma. Nikawakuta wengine wameshanitangulia: Kapinga, Mama Chausiku, mwenyekiti wa mtaa na mwamvuli uliovunjika, majirani. Mzee Shomari naye kasimama ukingoni, kofia yake ya kiua imelowa imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Maji yakaja. Yakaja ya kahawia, yana nguvu, yanabeba majani na vijiti. Tulikodoa macho kama watu wanaotafuta pete. Chupa moja moja zikapita, kandambili ikapita, watu wakaipigia makofi. Na maji hayakusimama. Yalipanda, yakafika karibu na ukingo, Mama Chausiku akanishika mkono akaniumiza, halafu yakapita, yakateremka, yakaenda zake. Yalipita! Nyumba kavu. Godoro kavu.

Kuna bodaboda alikuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza na spika yake, akafungulia muziki wa singeli. Ndipo nikaona kitu ambacho nisingeamini kwa kusimuliwa: Mzee Shomari, mpole yule, kakunja kanzu kiunoni, anacheza singeli kwenye matope. Hajui hata kidogo. Anapiga miguu kama anaua siafu. Mama Chausiku akamwingia mbele, wakazunguka, majirani wakawafanyia duara. Bi Saumu aliletewa habari kwa simu, akajibu kwamba sasa sura yake tunaweza kuirudisha, ila tumchore upya, mtu mzima, na miwani yake, maana yule binti ameshastaafu. Mpaka leo ndivyo alivyo kwenye pakiti za kaki: bibi na miwani, anacheka. Watoto sasa wanasema, "Nipe vya bibi."

Mie nimestaafu, nakaa Tegeta kwa binti yangu. Wiki mbili tatu zilizopita nilikwenda dukani jirani. Mwenye duka ni kijana wa Singida, lakini sie wote tunamwita Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wenye maduka, na yeye anaitika. Nikamwomba visheti. Akafungua debe, akachukua karatasi ya kaki iliyo bapa, haijagundishwa, akaikunja mbele yangu. Huku, huku, pembe ikaingia ndani ya pembe, kitako kikajifunga chenyewe. Akajaza, akakunja mdomo, akanipa. Nikaigeuza. Hakuna gundi hata tone.

"Mangi," nikamwuliza, "huu mkunjo nani kakufundisha?"

"Aa, bibi, nimebuni mwenyewe. Zile zao za gundi zilikuwa zinanijazia kaunta. Hizi zinakaa bapa, na huku nyumbani mke wangu anaziweka kwenye mbolea ya mchicha, zinaoza vizuri."

Niliiangusha pale pale sakafuni kutoka kiunoni. Kijana akashtuka, "Bibi vipi, umekasirika?" Puu. Haikufanya kitu. Miaka yote ile, mie na Kapinga na mende na karafuu na Bibi Harusi, na huyu kijana kaivuka gundi nzima akiwa anangoja wateja!

Nikamwambia, "Nikunjie tena. Polepole." Nikavuta kiti, nikakaa upande wa wanaofundishwa.